Mifupa ya Kuruta na Amri ya Kulala

Kati ya mwaka 2004 na 2007, wanajeshi wa Marekani zaidi ya 34,000 walisafirishwa kwa matibabu kutoka vita vya Iraki na Afghanistan hadi hospitali ya Landstuhl, Ujerumani. Mtu angedhani wengi wao walipigwa risasi au kulipukiwa na mabomu. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 ulionyesha vingine: waliojeruhiwa vitani walikuwa takriban asilimia 14, ilhali wenye matatizo ya mifupa, misuli na viungo walifika asilimia 24. Huko nyumbani, majeshi hayohayo yalikadiriwa kupoteza siku milioni 25 hivi katika mwaka mmoja, askari wakiwapo kambini lakini wamepewa kazi nyepesi tu kwa sababu ya maumivu. Mshahara unalipwa, matibabu yanalipwa, na nafasi zao kikosini hakuna wa kuzijaza. Sehemu kubwa ya maumivu hayo haitokani na ajali. Inatokana na kazi ileile kurudiwa kuliko mwili unavyoweza kustahimili, na anayepanga kazi hiyo ni kamanda. Kwa hiyo naona ni makosa kuliacha jambo hili mikononi mwa madaktari peke yao.

Tatizo ni kongwe. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo baada ya safari ndefu za miguu. Miongo minne ilipita kabla eksirei hazijaonyesha kwamba mifupa ya nyayo hizo ilikuwa na nyufa. Mfupa ni kitu hai. Ukibebeshwa mzigo usiouzoea hujikarabati kama nyumba ya zamani: ukuta uliochoka hubomolewa kwanza, ndipo mpya ujengwe. Seli zinazobomoa humaliza kazi kwa wiki chache, zinazojenga huhitaji miezi. Katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku kuruta alipoingia getini, na huo ndio wakati ratiba ya mafunzo humzidishia mchakamchaka, kwata na matembezi ya usiku akiwa na shanta mgongoni. Ufa hutokea bila kuanguka wala kupigwa. Mwaka 1985 Charles Milgrom na wenzake nchini Israel walitoa matokeo ya kuwafuatilia makuruta 295 wa kikosi cha miguu kwa wiki 14. Asilimia 31 walikuwa wamepata nyufa za namna hiyo.

Watafiti hao walihangaika na tatizo hili kwa robo karne. Walijaribu viatu, walijaribu soli za ndani, walijaribu hata dawa ya kuzuia mfupa usibomolewe, na dawa haikusaidia. Kwingineko pia tiba zilizoaminika zilishindwa: Australia iliwapima makuruta 1,538 na kukuta kwamba kunyoosha misuli kabla ya mazoezi hakupunguzi majeraha, na Marekani iligawa raba kwa kufuata umbo la unyayo wa kila mmoja, bila faida. Hatimaye Israel ilipunguza nyufa kwa zaidi ya asilimia 60 kwa maamuzi mawili ya uongozi: kuruta alale angalau saa sita, na jumla ya kilomita za kutembea ipunguzwe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kupunguza mafunzo ni zito: vita havina huruma, na jeshi linalodekeza makuruta litalipa baadaye. Lakini hapa kuna ushahidi wa moja kwa moja. Makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani waliopunguziwa mbio kutoka kilomita 89 hadi 53 katika kipindi chote cha mafunzo walipata nyufa asilimia 1.7 badala ya 3.7, na katika mtihani wa mwisho wa maili tatu walichelewa kwa chini ya dakika moja. Kilomita zile 36 za ziada zilizaa kasi kidogo sana na wagonjwa maradufu.

Pingamizi la pili lina chembe ya ukweli: wanaoumia ni wale waliofika wakiwa wadhaifu, basi mafunzo yawachuje. Ni kweli kwamba anayeingia bila stamina huumia zaidi. Ila tuiangalie Uingereza. Jeshi lake lilipoanza mwaka 1998 kuwafunza wanawake kwa kipimo kilekile cha wanaume, wanawake walioachishwa mafunzo kwa majeraha ya kuzidishiwa kazi walipanda kutoka takriban asilimia 5 hadi 11, huku wanaume wakibaki chini ya asilimia 2. Waliojiunga hawakugeuka dhaifu ghafla ndani ya mwaka mmoja; kilichobadilika ni kipimo. Mchujo wa aina hii hautofautishi asiyefaa na yule ambaye mifupa yake ilihitaji wiki sita zaidi.

Kununua raba mpya ni rahisi kuliko kumwambia mkufunzi awaache makuruta walale, kwa kuwa amri hiyo inagusa mazoea na heshima ya chuo cha mafunzo. Pa kuanzia ni hesabu: idadi ya makuruta walio kwenye kazi nyepesi katika kila kombania, isomwe kila wiki mbele ya mkuu wa chuo pamoja na matokeo ya shabaha, na ofisa aliyepanga ratiba aielezee.