Dawa ya Ukoma ni Bure, Viatu Je?

Mkazi wa Kabazi, nchini Kenya, anaweza kuzeeka bila kukutana na mgonjwa wa ukoma. Nchini humo ugonjwa huu umebaki zaidi Pwani na katika kaunti za magharibi karibu na Ziwa Victoria, na hata huko wagonjwa wapya ni wachache. Uchache huo ni ushindi wa tiba, lakini pia ndio unaoikausha mifuko ya mashirika ya hisani, kwa maana wafadhili huenda kwenye wagonjwa wengi.

Tangu 1995 dawa mseto za ukoma hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, kwanza kwa fedha za Nippon Foundation, na tangu 2000 kwa msaada wa kampuni ya Novartis. Mgonjwa hutumia dawa miezi 6 au 12, kutegemea aina ya ukoma, akapona. Wengi hudhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Dawa huua bakteria, ila neva iliyokwisha kufa hairudi. Mtu aliyepona zamani hukanyaga msumari au kaa la moto asihisi. Kidonda kikiachwa hufika mfupani, na mguu ukakatwa. Kinga yake ni kuloweka miguu majini kila siku, kusugua sugu, kupaka mafuta, kukagua nyayo, na kuvaa viatu vyenye mpira laini ndani na soli ngumu chini, visivyopigiliwa misumari. Viatu hivyo huchakaa, bendeji huisha, na nauli ya kliniki haikomi.

Misaada mingi, kwa upande wake, ina mwanzo na mwisho, na kila shilingi imepangiwa kazi: pesa za semina hazinunui viatu. Mfuko wa Dunia nao hufadhili vita dhidi ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Ukoma haumo, ingawa Kenya imeuweka katika mpango mmoja na kifua kikuu.

Kwa hiyo unapochangia, ruhusu pesa zako zitumike panapohitajika, na uchangie kila mwezi, hata kama ni kidogo, ili shirika liweze kupanga. Kaunti nazo zitenge fedha za viatu na bendeji. Na katika zahanati za Kabazi na kwingineko ambako ukoma ni nadra, wahudumu wafunzwe kipimo hiki: mgonjwa afumbe macho, baka lililo kwenye ngozi yake liguswe kwa pamba, na asipohisi apelekwe kuchunguzwa upesi. Neva ikiokolewa leo, hakutakuwa na haja ya kumwombea mtu huyo viatu miaka 30 ijayo.