Jeraha Lisilotoa Damu

Mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake za kuelekeza njia, na siku chache tu baadaye ukazuka mchezo wa jiokashingi. Mtu huficha kisanduku porini, hutangaza latitudo na longitudo yake, na wengine hukisaka kwa simu. Lakini simu nzuri kabisa hukosea kwa mita kadhaa, na ubavuni mwa jiwe kubwa hukosea zaidi kwa sababu mawimbi hudunda kabla ya kuifikia. Uufikirie mchezo huo kwenye Mwamba wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mabaki ya volkano ya kale yaliyosimama karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, au kwenye vichaka vya njia za panya kuzunguka Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Simu itamfikisha mtafutaji kwenye duara la mawe na nyasi ndefu, si kwenye kisanduku. Kuanzia hapo mikono huingizwa mianyani na miguu hukanyaga pasipoonekana, huku macho yakirudi kwenye simu kila baada ya hatua mbili. Anayekwaruzwa goti hutafuta kitambaa mara moja, ilhali aliyechomwa na mwiba huuchomoa, akaufuta mkono kwenye suruali, akaendelea. Nadhani hapo mambo yamegeuzwa juu chini: jeraha la porini linafaa kupimwa kwa kina chake na kwa kilichoingia ndani, na damu ni kipimo kibovu.

Ushahidi mkubwa ni pepopunda. Bakteria wake huishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo wakiwa mbegu ngumu zinazostahimili jua na ukame kwa miaka, na Tororo na Busia ni nchi za ng'ombe na mbuzi wanaochungwa hadi miguuni mwa vilima. Mbegu hizo huamka pasipo na hewa. Mkwaruzo mpana hauzifai sana, kwa kuwa hewa huufikia na maji huusafisha kwa urahisi. Tundu la mwiba au la msumari wenye kutu hujifunga juu na kuziacha chini, gizani. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 21, wakati tundu lenyewe limeshapona na kusahaulika, na mgonjwa anayekazwa taya hahusishi hali yake na siku ile ya mchezo kilimani. Wanaopaka jeraha kinyesi cha ng'ombe au majivu ili likauke, hasa hicho kinyesi, huweza kuongeza kilekile wanachokikimbia.

Kuna anayejibu kwamba wazee wetu walitembea peku miaka yote na ngozi ikazoea. Unyayo huzoea kweli, ukawa mgumu. Mwili hauzoei pepopunda. Sumu yake inaua ikiwa ndogo kiasi kwamba haitoshi kuufunza mwili kujikinga, hivyo hata aliyeugua akapona hana kinga na hulazimika kuchanjwa. Tena, anayesema hakudhurika yupo wa kusema. Waliodhurika hawako barazani. Chanjo ndiyo kinga, na hapo kuna pengo lisilozungumzwa vya kutosha. Wanawake hupewa chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito, na juhudi hizo ziliiwezesha Uganda kutambuliwa mwaka 2011 kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Mwanamume huachwa na chanjo za utotoni, kama alizipata. Kampeni za tohara ya hiari kwa wanaume Afrika Mashariki zilipokumbwa na visa vya pepopunda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwachanja wanaume hao, jambo lililoonyesha jinsi walivyokuwa bila kinga.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nyoka. Kifutu hulala kwenye nyasi kavu na hategemei kukimbia, na kuumwa naye si ajali ndogo. Hata hivyo fimbo ya kuchokolea mwanya kabla ya mkono kuingia, na viatu vilivyofunika kifundo, huzuia nyoka na mwiba kwa pamoja. Anayejiandaa kwa ajili ya kifutu peke yake atakosa kilicho kidogo zaidi. Funza, aliyevuka bahari kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872 na kufika pwani ya Afrika Mashariki kabla karne haijaisha, huingia kidoleni bila tone la damu, na pini ya kumtolea ikipitishwa mtu hadi mtu hufungua mlango mwingine. Mbu naye: huko Nagongera, wilayani Tororo, kabla ya upuliziaji dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Wengi wa mbu hao huuma usiku, kwa hiyo anayeng'ang'ania kisanduku hadi giza liingie hujitakia gharama kubwa kuliko mkwaruzo.

Je, kubeba haya yote si kuharibu mchezo? Sabuni kipande, maji nusu lita, kibano na kitambaa safi si mzigo mzito. Tundu huoshwa papo hapo, mwiba hutolewa mzima, na jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa kwa maji na sabuni dakika 15 kabla ya safari ya hospitali, maana kichaa cha mbwa hakisubiri. Kilicho kigumu ni kumbukumbu za chanjo, hasa kwa anayevuka mpaka. Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Lakini aliyechanjwa Kenya akachomwa mwiba Tororo ataulizwa na muuguzi alichanjwa lini mara ya mwisho, kwa kuwa jeraha chafu huhitaji chanjo ya nyongeza ikiwa imepita miaka 5. Picha ya kadi ya chanjo, ndani ya simu ileile inayotafuta kisanduku, inamjibu.