Bunyakiri: Kasiksi ya Noeli huhesabiwa kuanzia shimoni

Katika vijiji vya Bunyakiri, wilayani Kalehe, jimbo la Kivu Kusini, Noeli haingoji tarehe 24 Desemba. Huanza zaidi ya wiki moja kabla, pale mwenye shamba anapoingia kwenye migomba na panga mkononi, akitafuta mikungu iliyokomaa. Akikata mapema mno, ndizi hazitoi maji matamu. Akichelewa, kinywaji kitakuwa tayari wageni wakiwa wamekwisha kurudi makwao.

Kinywaji chenyewe ni kasiksi, pombe ya ndizi inayojulikana kote Kivu. Hunywewa kwenye harusi, kwenye matanga, na zaidi ya yote katika wiki ile moja kati ya Noeli na Bonane.

Bia ya chupa ni habari nyingine. Hufika hapa kwa barabara ya kitaifa namba 3, ikitoka Bukavu kupitia Miti na msitu wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Matope ya msimu wa mvua na vizuizi vya njiani huongeza gharama ya kila kreti. Mwezi Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, kiwanda cha Bralima, kilichokuwa kikitengeneza Primus, kiliporwa. Mwezi Juni mwaka huohuo kampuni mama ya Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma.

Kwa familia nyingi basi, swali la sikukuu hurudi palepale: je, kuna mikungu shambani?

Siku tisa za kazi

Ndizi za kasiksi hukatwa zikiwa kijani. Huchimbwa shimo, likatandikwa majani makavu ya migomba na kupashwa moto kidogo. Mikungu hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani, kisha udongo. Zikikaa humo siku nne au tano, joto huziivisha zote kwa pamoja.

Zikitolewa, humenywa na kuwekwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo. Hukandwa pamoja na nyasi safi. Nyasi hizo ndizo siri ya kazi nzima: hushika nyama ya ndizi na kuacha maji yake yachuruzike. Bila nyasi mtu hupata uji tu.

Maji hayo huchujwa na kuongezwa maji ya kawaida kiasi. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Kipindupindu si mgeni Kivu Kusini, na maji ya mto yasiyochemshwa yanaweza kuleta ugonjwa kwenye kikombe cha sherehe. Yachemshwe, yaachwe yapoe, ndipo yachanganywe.

Kisha huja mtama uliokaangwa na kusagwa. Unga huo ndio unaotoa rangi, ule uchungu mdogo wa kasiksi, na kusaidia kuchachusha. Mtumbwi hufunikwa kwa majani na kuwekwa mahali penye joto. Baada ya siku mbili au tatu povu hupungua, na kasiksi huchujwa tena tayari kwa kunywewa.

Bidoni isijazwe pomoni wala kufungwa kwa nguvu, kwa sababu kasiksi huendelea kuchachuka na hewa yake hutafuta njia. Wala haiwekeki: baada ya siku chache huwa kali kama siki. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hufunika shimo mara mbili, moja kwa ajili ya Noeli na jingine kwa ajili ya Bonane.

Tangawizi haiondoi sumu

Kasiksi ikichemshwa kwenye pipa na mvuke wake kupozwa kupitia bomba, hupatikana kanyanga. Njia ni ileile ya whisky ya Uskoti, ambayo nayo huanza kama pombe ya nafaka kabla ya kuchemshwa. Tofauti iko kwenye vyombo na vipimo. Kiwandani kila pipa hupimwa. Huku hakuna kinachopimwa, na mapipa au mabomba ya chuma kilichotumika kwingine huweza kuacha madini yenye sumu. Nchini Rwanda kanyanga imewekwa katika kundi la dawa za kulevya.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, ambayo haijulikani kwa jicho, pua wala ulimi. Wakati wa sikukuu wapo wanaopunguza ukali wa kanyanga kwa sukari, limau na tangawizi ya moto. Viungo hivyo hubadilisha ladha tu, sumu hubaki ilivyo. Aliyekunywa akaanza kutapika, kuumwa kichwa kupita kawaida au kuona ukungu, hata ikiwa ni kesho yake, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja alale.

Anayetaka viungo anaweza kuvipata bila hatari hiyo. Maji ya ndizi yanapotoka tu kukamuliwa, kabla ya kutiwa mtama, huchukuliwa sehemu na kuchemshwa pamoja na tangawizi iliyopondwa na majani ya mchaichai. Hunywewa moto, na jioni za mvua za Desemba huufaa moto huo. Watoto, wajawazito na waumini wa makanisa yanayokataza pombe wote hushiriki.

Mnyauko

Lakini yote haya yanategemea mgomba wenyewe. Mnyauko bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na kuenea hadi Kivu katika miaka iliyofuata, umeharibu mashamba mengi, na ndizi za pombe ndizo zinazoshikwa kwa urahisi zaidi. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kahawia. Hazifai kwa kasiksi wala kwa chakula.

Ugonjwa huu husafiri kwa panga na kwa wadudu wanaotembelea ua dume. Panga linalokata mikungu ya Noeli katika mashamba matatu kwa siku moja linaweza kuupeleka kote. Wataalamu wa kilimo hushauri panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, na shina linaloumwa likatwe chini kabisa.

Kazi hiyo ya moto haichukui hata dakika chache. Mgomba mpya huchukua zaidi ya mwaka kutoa mkungu.

Kwa atakayefanya hivyo, hesabu iliyobaki ni ya siku tu. Anayetaka kunywa usiku wa tarehe 24, shimo liwe limefunikwa ifikapo jioni ya tarehe 16.