Jioni Ndefu za Kafyu: Kitabu, Hadithi na Raha Ndogo za Nyumbani



Mwaka 2020, saa moja jioni mlango ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa saa kumi kamili, kila usiku, kuanzia Machi 27. Kuanzia Aprili 8, mipaka ya kaunti yetu ya Mombasa na ya jirani zetu Kilifi na Kwale ilifungwa kwa wanaoingia na wanaotoka, na kuanzia Mei 6 ndugu zetu wa Mji wa Kale hawakutoka mtaani mwao. Ramadhani tuliswali tarawehe sebuleni. Idd ilipita bila ya sala ya uwanjani na bila ya watoto kuzunguka nyumba za jamaa wakitafuta Idd zao. Masharti hayo na sababu zake yalielezwa mara nyingi. Leo tunazungumzia jambo ambalo watu waliliuliza kwa sauti ya chini zaidi: hizo saa kumi mtu alizipitishaje bila ya kuchanganyikiwa?

Jibu letu ni kitabu, hadithi na raha ndogo ndogo ambazo tayari zimo nyumbani. Lakini tuanze na pingamizi, kwa sababu ni la haki. Mtu aliyerudishwa nyumbani na hoteli ya ufuoni mwezi Machi, au mama aliyekuwa akiuza viazi karai magharibi, saa ambayo wakati huo ilikuwa ya kafyu, angeweza kusema: mimi sina unga, nawe unaniambia nisome kitabu? Hatusemi kwamba kitabu ni chakula. Aliyekosa chakula azungumze na mzee wa mtaa au chifu, wala asione haya. Tunachosema ni kwamba huyo huyo aliyekosa unga ana akili isiyolala. Akili isiyolala ndiyo inayoamini kila uvumi unaotumwa kwenye simu, na ndiyo inayomfanya mtu amkaripie mtoto kwa kosa ambalo wakati mwingine angelicheka.

Mchana una shughuli zake, hata kwa asiye na kazi: kuna foleni ya maji, kuna soko, kuna jirani wa kusalimiana naye. Usiku hubaki simu na runinga. Shirika la Afya Duniani lilishauri mapema, mwezi wa Machi, kwamba mtu apunguze kufuatilia habari zinazomtia wasiwasi, atafute taarifa mara moja au mbili kwa siku, tena kutoka kwa chanzo kinachoaminika. Ushauri huo una mantiki rahisi. Habari ya kutisha haina mwisho. Kila moja inakuita uitafute nyingine, na kufikia saa tano usiku umesoma hamsini na hujui lolote ulilokuwa hulijui saa mbili. Basi ilitosha kusikiliza taarifa ya Wizara ya Afya ya mchana, kujua idadi na maagizo, kisha kuweka simu kando.

Hadithi inafanya kazi kinyume na uvumi, kwa kuwa ina mwanzo, ina njia na ina mwisho. Anayeifuata hulazimika kushika majina, kukumbuka nani alimwambia nini, na kujiuliza kitakachotokea. Akili iliyoshika hayo haiwezi kwa wakati huo huo kuhesabu kodi ya nyumba. Kodi ipo pale pale kitabu kinapofungwa, hilo ni kweli, lakini umeirudia ukiwa umepumzika nusu saa, na mara nyingi usingizi umeshakaribia.

Mwezi wa Aprili 2020, tukiwa ndani ya kafyu, Kenya ilimpoteza Profesa Ken Walibora, aliyefariki Nairobi. Wengi wa wakazi wetu waliopitia shule ya upili walisoma riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, na wengine walikariri majina ya wahusika kwa ajili ya mtihani tu. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kuirudia bila ya mtihani. Ni kisa cha kijana anayeondoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari hiyo inamfikisha hadi Kitale. Fikiria mtu aliyekuwa hawezi kuvuka Mariakani akimfuata kijana huyo kutoka Pwani mpaka Bonde la Ufa, akiwa amekaa juu ya mkeka. Ukiisoma ukiwa na miaka thelathini au arobaini utaona mambo ambayo kidato cha tatu kilikuficha, hasa kuhusu mzazi asiyekuwapo.

Kwa wanaopenda fumbo, ziko hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, za Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960 na bado inawafanya watu wabishane nani muuaji. Hizi zinafaa sana kusomwa kwa sauti, kwa sababu kila msikilizaji ana mshukiwa wake na hakuna anayekubali kwenda kulala.

Kusoma kwa sauti ndiko tunakokupendekeza kuliko yote. Nyumba nyingi zina kitabu kimoja na watu saba. Bibi macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kijana wa darasa la saba anaweza kusoma lakini anaona ni adhabu. Akiambiwa amsomee bibi, na bibi amsahihishe matamshi, wote wawili wana kazi. Mtoto huyo alikuwa hajaingia darasani tangu katikati ya Machi. Vipindi vya masomo vya Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, vilitangazwa kupitia redio ya KBC na runinga ya Edu, na tuliwasihi wazazi wavifuate. Hata hivyo mtoto anayesoma kurasa nne kila jioni mbele ya watu hatasahau kusoma, hata kama redio ya nyumbani imekwisha betri.

Na pasipo na kitabu, kuna kinywa. Pwani hii ilikuwa na fasihi ya nyumbani kabla ya kuwa na maduka ya vitabu. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, na wanawake wa visiwa vya Lamu waliuhifadhi kwa moyo vizazi kwa vizazi. Mama mgonjwa aliye ndani na binti aliye mbele yake walitosha kuianzisha kazi hiyo. Mzee anayejua tenzi, ngano za sungura na fisi, au kisa cha jinsi babu alivyohamia Kisauni, asiachwe akatazama ukuta. Mwambie mmoja wenu aandike anayoyasema katika daftari la shule. Vitendawili navyo havihitaji stima, ukisema "Kitendawili!" gizani, utajibiwa "Tega!" hata na aliyedai amelala.

Nimetaja giza kwa makusudi. Wakazi wengi wananunua tokeni za stima kwa shilingi hamsini hamsini, na si haki kumwambia mtu kama huyo asome hadi usiku wa manane. Kusoma kufanyike alasiri, mwanga ukiwapo, na jioni iachiwe masimulizi. Tafadhali usimpe mtoto koroboi au mshumaa asomee kitandani kando ya chandarua. Moto katika nyumba za mabati haungoji, na msaada wa usiku unaweza kuchelewa. Taa ndogo ya sola iliyoanikwa juani mchana inatosha.

Vitabu vitatoka wapi? Matawi ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa yalifungwa kuanzia Machi 2020. Ukiwa umeazima kitabu, kitunze, usikipeleke jikoni kufungia vitafunio. Angalia chini ya vitanda: nyumba iliyowahi kuwa na mwanafunzi wa sekondari huwa na riwaya na tamthilia mbili tatu zilizotulia humo na vumbi. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kupata hadithi za watoto bila malipo katika tovuti ya African Storybook, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Zikishapakuliwa hazihitaji bando tena. Kisha kuna jirani. Garissa walianza kupelekewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996, wakivuka mchanga na jua. Ploti ya vyumba kumi na viwili haiwezi kushindwa na mkoba unaoning'inizwa kwenye msumari ukumbini.

Kubadilishana vitabu wakati huo kulihitaji uangalifu kidogo. Utafiti uliochapishwa mwezi wa Machi 2020 ulionyesha kwamba virusi vya korona vinaweza kubaki hai juu ya katoni kwa hadi saa 24, na juu ya plastiki hadi siku tatu. Vitabu vingi vina jalada laini lenye plastiki. Kwa hiyo wakati huo tulishauri kitabu kilichotoka nyumba nyingine kiwekwe kando siku tatu kabla ya kufunguliwa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kusoma. Usikipulizie dawa ya klorini wala kukifuta kwa kitakasa mikono. Utaharibu kurasa. Na ile tabia ya kulamba kidole ili kufungua ukurasa, ambayo walimu wetu wenyewe walikuwa nayo, tuiache.

Si kila mtu ni wa kusoma, na hatutaki mtu ajione mkosaji kwa hilo. Kuna anayetulia akisuka ukili, anayecheza bao na mwanawe, anayefuma kofia iliyolala nusu tangu mwaka juzi. Mama mmoja wa Likoni alituambia kwamba kila Jumamosi bado anakanda mahamri, ingawa sasa ni sita badala ya thelathini, kwa sababu bila harufu ya iliki hajui kama wiki imekwisha. Hilo ni la kutiliwa maanani. Siku zikifanana zote, mtu hupoteza hesabu yake mwenyewe. Kitu kidogo kinachorudi kwa wakati wake, kahawa baada ya alasiri, udi usiku wa Ijumaa, kumwagilia mrehani uliopandwa kwenye mkebe wa mafuta, kinazipa siku majina yake tena. Anza na kimoja. Anayepanga ratiba ya mambo kumi na mawili siku ya Jumatatu huwa ameiacha kufikia Jumatano, kisha anajilaumu.

Kuna nyumba ambazo shida yake si upweke wala uchovu, na hadithi haitaitatua. Anayepigwa, au anayejua mtoto anayedhulumiwa, asisubiri. Nambari 1195 hupokea simu za waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Huzuni inayokuzuia kula au kulala kwa majuma, au mawazo ya kujidhuru, ni ugonjwa kama homa: piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mshauri. Kwa dalili za korona, piga 719. Simu kwa nambari hizi hazilipiwi.

Nimalizie kwa jambo la nyumbani kwangu. Mama yangu alikuwa Wundanyi, ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na tangu Aprili tulikuwa hatujaonana. Mwanzoni nilikuwa nampigia kila jioni na mazungumzo yetu yalikuwa ni yale yale: wangapi leo, wamekufa wangapi, umeosha mikono? Tukikata simu kila mmoja wetu yuko vibaya kuliko alivyokuwa. Wiki ya tatu nikamwambia nitamsomea. Akacheka, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Nikamsomea kurasa mbili za Siku Njema, nikasimama. Kesho yake saa mbili kasoro alinipigia yeye, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kwa kuwa anahofia salio lake, akauliza yule kijana alifika wapi.

Tulisoma dakika kumi, muda ambao bando langu la mazungumzo liliruhusu. Bado tulikuwa nyuma sana ya Kitale.