Bunduki ya Kijiji: Historia ya Jumuiya za Uwindaji na Uhifadhi Kusini mwa Tanzania

Katika wilaya za Namtumbo na Tunduru mkoani Ruvuma zipo jumuiya tano za hifadhi ya wanyamapori: Mbarang'andu, Nalika, Kimbanda, Kisungule na Chingoli. Kwa pamoja zinalinda ushoroba wenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, ambao tembo huupita kati ya Selous na Hifadhi ya Niassa iliyoko ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Ardhi hiyo ni mali ya vijiji, na wanaoizungukia kwa doria ni askari wanyamapori wa vijiji, vijana waliochaguliwa na wananchi wenzao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa takribani karne nzima, bunduki ilikuwa chanzo cha uhasama kati ya mwanakijiji na askari wa wanyamapori. Historia ya jumuiya hizi ni historia ya namna bunduki hiyo ilivyokuja kuwa nyenzo ya uhifadhi mikononi mwa kijiji.

Sheria zilizomweka mwananchi kando

Mwaka 1896, Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika koloni zima. Amri hiyo iliweka leseni na kutenga maeneo ambayo uwindaji ulipigwa marufuku, likiwemo eneo la Rufiji. Kwa mwenye uwezo wa kulipia leseni, mlango ulibaki wazi. Kwa wenyeji waliokuwa wakiwinda kwa ajili ya kitoweo na kulinda mashamba, desturi ya mababu ilianza kuhesabiwa kuwa kosa.

Waingereza waliendeleza mfumo huo. Mwaka 1922 walianzisha Pori la Akiba la Selous, lililopewa jina la Frederick Selous, mwindaji na askari aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917. Katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa magharibi mwa Liwale walihamishwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni kudhibiti ugonjwa wa malale, na maeneo waliyoyaacha yakaunganishwa na pori.

Mwezi Septemba 1961, katika Azimio la Arusha la Uhifadhi, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa wanyamapori ni urithi ambao taifa linalokaribia uhuru lina dhamana ya kuutunza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilifuata. Hata hivyo, hali ya mwananchi anayepakana na pori haikubadilika sana. Tembo aliyeharibu shamba lake alikuwa mali ya umma, lakini nyama na mapato ya mnyama huyo havikumfikia.

Gharama ya kumtenga mwananchi

Matokeo ya hali hiyo yalionekana katika hesabu za tembo. Sensa ya mwaka 1976 ilikadiria kuwa mfumo wa ikolojia wa Selous ulikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki takribani 30,000. Bei ya pembe katika masoko ya nje ilikuwa imepanda, na majangili walipita katika maeneo ambayo wakazi wake hawakuona sababu ya kuwazuia.

Serikali ilichukua hatua kali. Mwaka 1989 iliendesha Operesheni Uhai, iliyovishirikisha vyombo vya ulinzi na usalama dhidi ya mitandao ya ujangili. Mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Mauaji yalipungua, lakini swali moja lilibaki: operesheni ikimalizika na askari wakirudi kambini, nani atalinda mpaka wa pori?

Mgawo wa kwanza

Jibu lilianza kujaribiwa mwaka 1988 kupitia Programu ya Uhifadhi wa Selous, iliyotekelezwa na Serikali ya Tanzania kwa ushirikiano na Ujerumani. Vijiji takribani 50 vinavyopakana na Selous viliingia katika mpango uliokuwa mpya kabisa nchini.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Kijiji kilitenga sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya wanyamapori, kikaunda kamati ya maliasili na kuchagua vijana wa kupewa mafunzo ya uaskari. Idara ya Wanyamapori nayo ilikipa kijiji mgawo wa mwaka, yaani idadi maalumu ya wanyama, hasa nyati na nyumbu, walioruhusiwa kuwindwa. Askari wa kijiji waliwinda kwa bunduki ya kijiji, nyama ikauzwa kwa wanakijiji kwa bei nafuu, na fedha zikabaki katika mfuko wa kijiji.

Hapo ndipo mnyama alipopata thamani mpya machoni pa jirani yake. Aliyetega mtego wa waya hakuwa tena anaiibia Serikali iliyo mbali, bali alikuwa anapunguza mgawo wa kijiji chake. Mafunzo ya askari hao yalipata makao ya kudumu katika chuo cha uhifadhi kwa jamii kilichopo Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo.

Kutoka majaribio hadi sheria

Uzoefu wa Selous, pamoja na ule wa maeneo mengine, ulichangia Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998, iliyotambua rasmi haki ya jamii kunufaika na wanyamapori. Kanuni za kuanzisha jumuiya zilitolewa mwaka 2002, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 ikaupa mfumo huo nguvu zaidi.

Kwa mujibu wa utaratibu huo, hatua ya kwanza hufanyika kijijini. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoridhia kutenga ardhi, na bila ridhaa hiyo hakuna jumuiya. Baada ya hapo huandaliwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, katiba ya jumuiya na usajili wake. Waziri mwenye dhamana hulitangaza eneo katika Gazeti la Serikali, kisha jumuiya hupewa haki ya matumizi, inayoiwezesha kuingia mikataba ya utalii wa picha au uwindaji wa kitalii.

Wanyamapori wenyewe hubaki mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kinachokabidhiwa kwa jumuiya ni haki ya kuwasimamia na kunufaika nao. Kanuni za mwaka 2005 ziliagiza kuwa, katika mapato ya jumuiya, angalau asilimia 50 yaende kwa vijiji wanachama, asilimia 25 yaimarishe jumuiya na asilimia 15 yaendeleze rasilimali.

Mtihani ambao haujaisha

Mafanikio hayakuja moja kwa moja. Wimbi jipya la ujangili liliikumba Selous, na sensa ya mwaka 2013 ilikuta tembo takribani 13,000 tu. Mwaka uliofuata, UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi.

Kwa upande wa jumuiya, zipo zinazotegemea mwekezaji mmoja, na anapoondoka, posho za askari husimama. Wakati huohuo, kadiri tembo wanavyoongezeka ndivyo mashamba yanavyovamiwa. Kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi au wafiwa hutolewa kwa kanuni za mwaka 2011, lakini huo ni mkono wa pole na si fidia kamili. Mkulima aliyepoteza mahindi ya msimu mzima ndiye anayepima kama uhifadhi una maana.

Kwa sababu hiyo, uhai wa jumuiya unategemea ushiriki wa wananchi wenyewe. Wanakijiji wana haki ya kusomewa taarifa ya mapato na matumizi ya fedha za wanyamapori katika mikutano yao, na wana wajibu wa kutowinda bila leseni. Wanapaswa pia kutoa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya pindi wanyama wakali wanapoonekana. Ardhi iliyotengwa kwa kura ya mkutano wa kijiji italindwa vyema iwapo waliopiga kura hiyo wataendelea kuona faida yake.