Mstari wa Vumbi Ndani ya Barafu

Paukwa!

Basi, hapo zamani za mwaka 2000, kabla ninyi hamjazaliwa, alikuwapo mwanasayansi wa Marekani aitwaye Lonnie Thompson. Alipanda Kilimanjaro na wenzake wakitafuta barafu ya kale. Walitoboa hadi chini wakatoa nguzo sita za barafu, na katika barafu ile wakakuta mstari wa vumbi. Vumbi, juu kule kwenye barafu! Walikadiria umri wake miaka 4,000 hivi: mvua zilikatika kwa muda mrefu, upepo ukapeperusha udongo mkavu hadi kileleni.

Karibu na nyakati hizo, huko Misri, mto Nile ulishindwa kufurika kama ilivyozoeleka. Mafuriko ndiyo yaliyoleta maji na tope la kupandia ngano na shayiri, na kodi ya Farao ilikuwa nafaka. Ghala tupu, hazina tupu. Dola iliyojenga piramidi za Giza ikasambaratika. Wapo wanahistoria wanaosema ugomvi wa watawala nao ulichangia, nami sibishi. Njaa hupenda nyumba yenye ufa.

Mmewahi kuona mtumbwi ukipinduka? Unainama kidogo, waliomo wanacheka. Unainama tena, wanacheka. Mara, chubwi! Hali ya hewa nayo huweza kugeuka vivyo hivyo.

Sasa, wapanga bajeti wanapenda wastani. Joto likipanda kidogo, mavuno yatapungua kidogo, basi tutenge fedha kidogo. Hesabu hiyo inafaa mtumbwi ukiwa bado unainama. Ukishapinduka, ni karatasi tu.

Ndiyo maana Tanzania ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, unaonunua mahindi na kuyaweka ghalani. Ghala lina gharama, tena si ndogo: magunia, dawa ya wadudu, walinzi, na fedha iliyolala pale ambayo ingeweza kujenga barabara. Mwaka wa neema mtu huliona kama upuuzi. Mimi nasema lijazwe mwaka huohuo wa neema, maana wa ukame hakuna wa kukuuzia kwa bei nafuu.

Ile barafu ya Kilimanjaro, kati ya mwaka 1912 na 2000 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 80. Nguzo zile walizozitoa zilipelekwa kuhifadhiwa kwenye majokofu ya chuo kikuu huko Ohio, Marekani.