Rafiki Mwenye Mbwembwe

Kila kijiwe kina mtu wake wa vituko. Anavaa miwani ya jua usiku, anacheka kwa sauti ya kufikia mtaa wa pili, na hakosi kuwakumbusha kwamba yeye si kama watu wengine. Mwanzoni ni raha tupu. Miezi ikipita unamchoka, wala hujui ni kipi hasa kinachokuchosha.

Delroy Paulhus, mwanasaikolojia wa Kanada, aliichunguza hali hiyo katika utafiti aliouchapisha mwaka 1998. Wanafunzi waliwekwa katika vikundi vidogo vilivyokutana mara 7, mara moja kwa wiki, kwa dakika 20. Katika kikao cha kwanza waliojikweza waliwavutia wenzao, wakaonekana watu wazuri na wenye uwezo. Kufikia kikao cha 7, sifa zile zilikuwa zimegeuka lawama.

Lakini tusikimbilie kumpachika mtu ugonjwa. Miwani ya usiku haimdhuru yeyote, na kusema kweli kijiwe kisicho na mtu wa namna hiyo hupooza. Kinachochosha ni kingine. Mwanasosholojia wa Marekani, Charles Derber, alikiona alipochambua maongezi ya kawaida. Mwambie rafiki, “Mama amelazwa tangu juzi.” Mmoja atauliza, “Pole sana, anaendeleaje?” Mwingine atasema, “Pole. Mimi nilipolazwa mwaka ule, hata daktari alishangaa!” Pole umepewa, ila mgonjwa ameshabadilika.

Mbona yeye hachoki? Mwaka 2012 Diana Tamir na Jason Mitchell wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba mtu anapojizungumzia, huamka sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kutuzwa. Washiriki wao walikuwa tayari hata kupoteza senti kadhaa ili waendelee kujieleza.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta kama vituko vyake ni vya kweli au vya kuigiza. Huenda hata mwenyewe hajui. Mpunguzie watazamaji, mkae wawili tu. Akihamisha habari, irudishe: “Ngoja kwanza, sijamaliza ya mama.” Wapo wanaoshtuka na kuomba radhi papo hapo, maana hawakujisikia. Atakayeendelea na daktari wake aliyeshangaa, huyo mwalike harusini na kwenye mpira, atawachangamsha. Siku ya shida mpigie mwingine.